Mradi Unaofuata Kwenye Meza ya Reli Ndogo: Mwongozo Kamili wa Kuupanga Kabla Hujashika Msumeno

Meza ipo, reli zimelazwa, treni inazunguka. Pengine kuna stesheni moja, kilima cha plasta, na kona ambayo bado ni ubao mtupu. Kila mwenye reli ndogo nyumbani, yaani treni za mfano za mezani, hufika hapa akajiuliza: sasa niongeze nini? Wengi hujibu kwa kununua. Wanaona pointi mbili dukani, yaani vipande vya reli vinavyogawa njia moja kuwa mbili, au kichwa kipya cha dizeli, wanarudi nacho, kisha ndipo wanaanza kukitafutia kazi. Ndiyo maana kuna meza zilizosheheni reli ambazo treni zake hazina pa kwenda.

Njia ninayoipendekeza ni kinyume cha hiyo. Treni zenyewe ndizo zichague mradi, kisha mradi ukatwe vipande vidogo, kila kipande kikiisha treni ziwe zinatembea. Vipimo vingi nitakavyotaja ni vya skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko cha kweli, kwa kuwa ndiyo yenye watumiaji wengi zaidi duniani. Mwenye N, 1:160, azidishe urefu wa reli na mabehewa kwa 0.54, mwenye O ya 1:48 azidishe kwa 1.8. Urefu wa mkono wako na upana wa mlango havibadiliki na skeli, kwa hiyo vipimo hivyo viache kama vilivyo.

Hatua ya 1: Endesha treni kwa kazi, na daftari likiwa mkononi

Kuzungusha treni hakutakuonyesha kitu. Ipe kazi. Chagua mabehewa sita, amua kwamba mawili yanakwenda kiwandani, moja linabaki stesheni, matatu yanaendelea na safari, kisha uyapeleke bila kugusa kitu kwa mkono. Rudia kazi hiyo kwa jioni kadhaa, ukibadilisha mabehewa. Kila unapolazimika kunyoosha mkono, andika. Kila treni moja inaposimama kuisubiri nyingine isiyo na pa kujiweka, andika. Kila behewa linapoacha njia, andika ni behewa lipi na ni wapi.

Daftari likishapata kurasa chache litakuwa na mambo ya aina mbili, na usiyachanganye. La kwanza ni matengenezo. Mabehewa tofauti yakiacha njia mahali pamoja, kosa liko kwenye reli: kiungo kimepinda, pointi haibani vizuri, au reli zimebanana kuliko milimita 16.5 zinazotakiwa. Behewa moja likiacha njia mahali pengi, kosa liko kwenye behewa: magurudumu yamesogeleana, kiunganishi kinaning'inia chini, au uzito hautoshi. Treni ikizimika mahali pale pale, safisha reli kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, dirisha likiwa wazi, kisha upime volti hapo huku kichwa kikivuta mzigo. Zikiwa zimeshuka zaidi ya volti moja kulinganisha na karibu na transfoma, umepata jibu.

Matengenezo haya si mradi, ni deni. Lilipe kwanza. Kipande kipya kikiunganishwa na reli mbovu, utatumia miezi ukikilaumu kipya kwa makosa ya cha zamani.

La pili ndilo la thamani: upungufu wa mpango wenyewe. Treni haina pa kupishana na nyingine. Kiwanda kinapokea mabehewa lakini hayatoki popote. Treni ya abiria inafika stesheni na nusu yake inabaki juu ya pointi. Kwenye ukurasa huo wa upungufu ndimo mradi wako ulimo.

Hatua ya 2: Orodha mbili, kisha sentensi moja

John Armstrong, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kuchora mipango ya reli ndogo katika karne ya 20, alikuwa na desturi ya kutenganisha mambo yasiyobadilika na mambo yanayotamaniwa. Desturi hiyo haijachakaa. Upande mmoja wa karatasi andika yasiyobadilika: ukubwa wa chumba, mlango unafungukia upande gani, dirisha lazima lifikike, skeli yako, meza iliyopo, saa ulizonazo kwa wiki, fedha unayoweza kuitoa bila kuleta maneno nyumbani. Upande wa pili andika unayoyatamani, yote, hata ya ajabu. Kisha chukua ule ukurasa wa upungufu na uweke alama kwenye kila tamanio linaloondoa upungufu ulioandikwa.

Yasiyopata alama si mabaya. Daraja refu la chuma juu ya bonde ni zuri hata kama halitatui kitu, na hii ni burudani, hakuna anayekudai sababu. Lakini kama lengo ni meza itakayokushika kwa miaka, mradi wenye alama mbili au tatu utangulie.

Kwa maoni yangu, meza nyingi za nyumbani hukosa vitu viwili kabla ya vingine vyote: njia ya kupishana yenye urefu unaotosha, na yadi iliyofichwa. Yadi iliyofichwa ni njia kadhaa nyuma ya ukuta wa mandhari au chini ya kilima, ambamo treni nzima inasubiri ikiwa haionekani. Inasimama badala ya miji yote ambayo hutaijenga. Treni inapotoka humo imetoka mbali; inaporudi, imekwenda zake. Haina sura, hakuna mgeni atakayeisifu, na ndiyo maana watu huiahirisha. Lakini meza yenye yadi iliyofichwa ya njia nne ina kazi nyingi kuliko meza yenye viwanda kumi na duara moja.

Mwisho wa hatua hii andika sentensi moja, kwa mfano: "Nataka treni mbili za mabehewa manane ziweze kupishana stesheni bila kuziba pointi." Ona kwamba ina idadi, ina mahali, na ina namna ya kujua kama imetimia. "Kuboresha stesheni" haipimiki.

Na kama chumba kimejaa kabisa? Jenga kitu kidogo cha pembeni badala ya kuisonga meza. Mwingereza Alan Wright alibuni fumbo la kushanti, yaani la kupanga mabehewa kwa kuyasogeza mbele na nyuma, linaloitwa Inglenook Sidings: pointi mbili, njia tatu, moja ya mabehewa matano na mbili za mabehewa matatu matatu, na mkia wa reli unaotosha kichwa na mabehewa matatu. Kuna mabehewa manane. Unachagua matano kwa bahati nasibu na kuyaunga kwa mpangilio uliotajwa. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Katika HO, ukitumia mabehewa mafupi na kichwa kidogo, linakaa kwenye ubao usiofika mita 2. Ukiliunganisha baadaye na meza kubwa, linakuwa eneo la bandari au kiwanda.

Hatua ya 3: Hesabu, kabla ya kuchora

Hapa ndipo mipango mingi hufa, na ni afadhali ife hapa kuliko baada ya mbao kukatwa.

Anza na urefu wa treni. Behewa la mizigo la futi 40 lina urefu wa mita 12.2, ukigawanya kwa 87 unapata sentimita 14, na pamoja na viunganishi hesabu 15. Kichwa cha dizeli cha ekseli nne kina kama sentimita 21. Mabehewa manane ni 120, ongeza kichwa 21, ongeza behewa la breki 12, unapata 153. Mpe dereva sentimita 10 za kuhema, maana hakuna anayesimama sawasawa kila mara. Unahitaji kama sentimita 163 za njia iliyo salama.

Njia iliyo salama haianzii kwenye ncha ya pointi. Inaanzia pale reli mbili zilipokwisha kuachana vya kutosha treni zisigusane, na katika HO njia mbili zilizonyooka hukaa sentimita 5 kutoka katikati hadi katikati. Pointi namba 6 humaanisha kwamba njia inatoka pembeni sentimita 1 kwa kila sentimita 6 za mwendo. Kwa hiyo kuachana kwa sentimita 5 kunadai sentimita 30, juu yake uongeze sehemu ya mbele ya pointi yenyewe. Kadiria 40 kila upande. Stesheni yako ya mabehewa manane sasa inataka sentimita 243, si 153. Ukigundua kwamba ukuta una mita 2 tu, punguza treni iwe na mabehewa matano sasa hivi, kwenye karatasi, bila uchungu.

Hesabu hiyo hiyo inatawala yadi. Kila njia unayoiongeza kando ya nyingine inakula sentimita 30 za ngazi ya pointi, yaani pointi zinazofuatana kuingia yadini, ukitumia namba 6, au 20 ukitumia namba 4. Yadi ya njia nne hupoteza kati ya sentimita 60 na 90 kabla behewa la kwanza halijasimama. Ndiyo sababu namba 4 hutumika yadini, ambako mwendo ni wa polepole, na namba 6 au 8 huachiwa njia kuu na mabehewa marefu ya abiria.

Kuhusu kona, kuna kanuni rahisi kuliko majedwali ya watengenezaji. Pima behewa lako refu kuliko yote. Nusu kipenyo cha kona kikiwa mara 2.5 ya urefu huo, mabehewa mengi yatapita vizuri iwapo yanalingana urefu. Kikifika mara 3, yatapita bila wasiwasi. Kikifika mara 5, unaweza hata kuyaunga mabehewa yakiwa kwenye kona. Behewa la mizigo la sentimita 14 linaridhika na nusu kipenyo cha 42. Behewa la abiria la futi 85 lina sentimita 30, nalo linadai 90, jambo ambalo vyumba vingi havina. Mwenye kona za sentimita 46 anayenunua mabehewa ya futi 85 kwa sababu ni mazuri atayaona yakining'inia nje ya kona na kuvutana hadi yaache njia.

Kupanda kuna kodi yake pia. Treni ipite juu ya nyingine katika HO, unahitaji kama sentimita 7.6 za uwazi kutoka juu ya reli ya chini, na ukiongeza unene wa ubao na reli ya juu, tofauti inakaribia sentimita 10. Kwa mwinuko wa asilimia 2 hiyo ni mita 5 za kupanda. Kwa asilimia 3 ni mita 3.3. Kisha ongeza mwanzo na mwisho, kwa sababu mwinuko haupaswi kuanza ghafla: ukiupinda kama goti, viunganishi vitaachana na kichwa kirefu kitaning'iniza magurudumu. Kona iliyo ndani ya mwinuko huongeza uzito wa kuvuta. Usiniamini kwa maneno. Chukua ubao mrefu, bandika reli, uinue upande mmoja kwa vitabu hadi ufikie mwinuko unaoutaka, kisha uvutishe treni yako halisi. Jaribio hili la nusu saa limewaokoa wengi na vilima visivyopandika.

Mwisho, mkono wako. Mtu mzima hafiki kwa raha zaidi ya sentimita 75 kuelekea ndani ya meza, na akishaweka majengo na miti mbele, hata hizo ni nyingi. Pointi yoyote iliyo mbali zaidi ya hapo ni pointi itakayoharibika siku una wageni. Njia ya kupita watu iwe na sentimita 60 pembamba kabisa, 75 hadi 90 kama mko wawili.

Hatua ya 4: Karatasi, kisha ukubwa halisi

Chora kwa skeli, sentimita 1 ya karatasi kwa sentimita 10 za meza. Penseli hudanganya: mkono hupinda kona kali kuliko reli inavyokubali na hufupisha pointi bila aibu. Tumia bikari kwa kona, na kwa pointi kata vipande vya karatasi vyenye urefu halisi wa zile utakazonunua. Programu ya kompyuta husaidia hapa. XTrackCAD ni ya bure na ina maktaba ya reli za watengenezaji wengi, kwa hiyo haikuruhusu kuchora pointi isiyokuwepo duniani.

Mchoro ukikubali, toka kwenye karatasi. Tandika magazeti juu ya meza, chora reli kwa kalamu nene kwa ukubwa wake kamili, panga pointi za karatasi, weka mabehewa juu yake. Majengo yawe maboksi ya kadibodi yaliyokatwa kwa urefu unaokadiria. Kisha uache hivyo kwa siku kadhaa. Pita, inama, tazama macho yakiwa usawa wa reli. Sukuma mabehewa kwa mkono ukicheza ile kazi ya Hatua ya 1. Utagundua jengo linaloficha pointi, au kwamba njia ya kiwandani inaelekea upande usiofaa, hivyo kila behewa lazima lizungukwe na kichwa kabla ya kuingizwa. Makosa haya hayaonekani katika mchoro unaotazamwa kutoka juu, kwa sababu hakuna anayeendesha treni kutoka darini.

Hatua ya 5: Umeme uchorwe kabla ya mbao

Chukua nakala ya mchoro na penseli mbili za rangi. Fuata reli moja kwa nyekundu na ya pili kwa bluu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kupitia kila pointi. Mahali popote nyekundu inapokutana na bluu, una kitanzi kinachogeuza treni, na hapo pana shoti inayokusubiri. Hili likitokea, reli zote mbili zikatwe kila upande wa kitanzi kwa viungo vya plastiki, na kipande cha katikati, ambacho kiwe kirefu kuliko treni yako, kipewe swichi yake au kifaa cha kugeuza umeme chenyewe. Kitanzi hiki hujificha kwenye njia za mkato zinazokatisha katikati ya duara. Wachoraji wazoefu nao hukikosa.

Kama unatumia mfumo wa kawaida wa DC, ambao umeme wa kwenye reli ndio unaoendesha kila kichwa kilicho juu yake, amua sasa ni wapi njia itagawanywa katika vipande vinavyozimika, ili treni moja isimame huku nyingine ikitembea. Kama unatumia mfumo wa kidijitali wa DCC, ambao kila kichwa hupokea amri zake, vichwa vinajitegemea, lakini bado ningeweka swichi kati ya kipande kipya na meza ya zamani. Siku shoti itakapotokea, utajua kwa kubonyeza mara moja iko upande gani.

Pitisha nyaya mbili nene chini ya meza kama mstari mkuu. Milimita 2 za mraba zinatosha meza nyingi za nyumbani. Kutoka hapo, nyaya nyembamba za nusu milimita ya mraba zipande kwenye reli kila mita moja au mbili, na zaidi ya yote kila upande wa pointi. Usitegemee viungo vya reli kupitisha umeme. Vinapitisha vizuri mwaka wa kwanza, kisha vumbi na kutu vinaanza kazi. Chagua rangi mbili za waya na usizibadilishe hata zikiisha saa nne usiku. Umeme wa ukutani uishie kwenye transfoma. Chini ya meza pasiwe na chochote kinachozidi volti za treni.

Hatua ya 6: Ukate mradi vipande, na njia kuu iguswe mwisho

Siri ya kutoua hamu ni kutoiacha meza bila treni. Meza iliyofumuliwa ikakaa miezi sita huwa kabati la kuwekea vitu. Kwa hiyo jenga kipande kipya pembeni, juu ya ubao wake mwenyewe, kwenye benchi unakofanya kazi ukiwa umekaa na taa nzuri. Reli, pointi, mota za pointi na nyaya zote ziwekwe huko, na zijaribiwe huko kwa transfoma ndogo. Njia kuu inaendelea kutembea. Siku kila kitu kimekubali, ndipo unakata reli kuu, unaingiza kipande, unaunganisha. Kazi ya kukata ikipangwa hivyo ni ya siku moja au mbili.

Kama kipande hakiwezi kutolewa, kwa mfano unarefusha njia ya kupishana iliyopo, basi tafuta mpangilio ambao nusu moja inafungwa na nyingine inapita. Andika kila awamu kwa jina la kitu kinachotembea mwishoni mwake: "treni inapita stesheni kwa njia ya kwanza", "pointi ya mashariki inafanya kazi", "njia ya pili imeungwa pande zote". Awamu isiyoisha na treni inayotembea ni kubwa mno, igawe.

Mandhari yasiingie kwenye awamu za mwanzo hata kidogo.

Hatua ya 7: Fedha na manunuzi

Mali bila daftari huisha bila habari, na reli ndogo ni mfano mzuri sana. Pointi na mota zake ndizo zinazokula fedha, si reli. Zihesabu kwanza. Halafu reli inayopindika, ambayo huuzwa kwa vipande vya milimita 914. Gawanya urefu wa njia zako kwa 0.9, kisha ongeza vipande viwili. Kisha mbao, tandiko la korki la milimita 5, nyaya, viungo vya kawaida na vya plastiki, gundi, misumari, rangi. Vitu vidogo hivi ndivyo watu husahau, na vikijumlishwa hukaribia bei ya pointi kadhaa. Mimi huweka moja ya tano ya jumla pembeni kwa yasiyotarajiwa.

Nunua ya awamu ya kwanza tu. Kabla ya kulipa, angalia kimo cha reli yenyewe: reli ya kodi 100 ina kimo cha inchi 0.100, karibu milimita 2.5, na ya kodi 83 ina milimita 2.1. Zinaungana kwa viungo maalumu tu. Pia pointi za watengenezaji wawili zenye namba moja huweza kutofautiana urefu kwa sentimita kadhaa, na mchoro wako ulifuata moja wapo.

Hatua ya 8: Kujenga na kujaribu kwa zamu

Ubao uwe mkavu na uwe umekaa ndani ya chumba hicho wiki kadhaa kabla ya kukatwa. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu kuliko reli zinavyofanya kwa joto, na reli zilizopinda katikati ya mwaka mara nyingi husababishwa na mbao. Plaiwudi ya milimita 12 hadi 18 hutulia. Paka rangi pande zote, chini pia. Weka pima maji kila hatua, kwa urefu na kwa upana.

Kwenye kona, unganisha vipande viwili vya reli kwa risasi ya kulehemu vikiwa bado vimenyooka, kisha ndipo upinde. Ukipinda kwanza, kiungo kitabaki na kijikona kinachoangusha magurudumu. Sehemu zilizonyooka acha baadhi ya viungo bila risasi, na upenyo mwembamba kama kadi. Pointi zisigandishwe kwa gundi. Misumari miwili inatosha, maana siku moja utataka kuitoa.

Baada ya kila kipande, majaribio yafuate mpangilio huu. Pitisha kipimo cha geji, yaani cha upana kati ya reli mbili. Sukuma behewa moja kwa kidole, ukisikiliza. Sukuma msururu wa mabehewa kinyumenyume kupitia pointi zote, kwa sababu treni inayorudi nyuma hufichua makosa ambayo ya kwenda mbele huyasamehe. Kisha umeme: lazia sarafu juu ya reli mbili, kila nusu mita, na kila mara mfumo lazima uzime papo hapo. Usipozima, nyaya zako ni chache au nyembamba, na shoti ya kweli itayeyusha plastiki kabla hujaiona. Mwisho endesha kichwa polepole kuliko unavyopenda. Kilomita 60 kwa saa katika 1:87 ni sentimita 19 tu kwa sekunde, mita moja kwa sekunde tano na kidogo. Wengi wetu huendesha mara tatu ya hapo, na makosa ya reli hujificha ndani ya kasi.

Acha reli zikae hivyo, zikiwa uchi, kwa wiki kadhaa za kuendesha. Kokoto za kati ya reli zikishagandishwa, kila rekebisho ni kubomoa. Zikifika zamu yake, zieneze zikiwa kavu kwa brashi, ziloweshe kwa maji yenye tone la sabuni, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Kwenye pointi tumia kidogo sana, na zisogeze ncha zake mara kwa mara gundi inapokauka.

Hatua ya 9: Kulifunga jalada

Rudi kwenye ile sentensi ya Hatua ya 2 na uicheze kama mtihani: treni mbili, mabehewa manane kila moja, stesheni ile ile, bila mkono. Kisha rudia kazi ya Hatua ya 1 na ulinganishe kurasa. Upungufu uliokuwa umeandikwa utaondoka, na mwingine utajitokeza, kwa kawaida mahali pengine kabisa, kwa sababu treni sasa zinafika kule zilikokuwa hazifiki.

Kabla ya kuufuata huo mpya, lala chali chini ya meza. Bandika lebo kwenye kila waya pande zote mbili, piga picha sehemu yote, na uandike kwenye mchoro kila mahali ulipoachana na mpango, pamoja na tarehe. Hifadhi mchoro huo kwenye bahasha iliyobanwa chini ya ubao wenyewe, pamoja na skrubu za akiba za mota za pointi.